Ngamia wa Kuazimwa

Zamu ya Wariara kukaribisha chama cha akina mama ilipofika, nyumba ilijaa mpaka wengine wakakalia magunia ya viazi. Kule Kabazi mtu anaweza kukosa kanisa akasamehewa, lakini akikosa chama atazungumziwa yeye, na hakuna anayependa kuzungumziwa akiwa hayuko. Kwa hivyo walikuja wote, na matope yao na watoto wao wa mgongoni, na Wangechi akawa anapenya katikati ya magoti yao na thamosi ya chai.

Yeye ndiye aliyekuwa habari ya siku. Alikuwa mke wa Kamande, mkaza mwana wa Wariara, na mwalimu wa shule ya msingi huko Galtesa, ng'ambo ya Marsabit, mahali ambapo hakuna mtu wa Kabazi aliyewahi kukanyaga ila yeye. Alikuja nyumbani likizo tu. Na kila likizo akina mama walimkagua kama wanavyokagua mbegu za viazi: amekonda, amepauka midomo, siku hizi anatembea polepole kama mtu anayeogopa kuamsha vumbi.

"Mwalimu," Cate aliita kutoka kwenye kochi. Cate alikuwa jirani, mwenye kibanda cha kutuma pesa pale barabarani, na hapakuwa na shilingi wala neno lililopita Kabazi bila yeye kulishika kwanza. "Ni ukweli huko walikupatia ngamia?"

"Niliazimwa," Wangechi alisema. "Ya kukamua tu."

"Na nani?"

"Na mama mmoja mzee. Mama Talaso."

"Na huyo mama hana kijana?"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Cate, akiona soko limefunguka, akaongeza bidhaa. "Aki nauliza tu! Hapa kwetu mbuzi wawili wakiingia kwa boma tunajua msichana ameshikwa. Sasa ngamia mzima? Hiyo si mahari ya ukoo na majirani?"

Wariara alicheka pamoja na wageni wake kwa sababu walikuwa wageni wake. Lakini alipomaliza kucheka alimtazama Wangechi, akatazama kikombe chake kilichokuwa kitupu, na Wangechi akaenda kukijaza haraka.

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Ilikuwa Chepkurui, mwalimu mwenzake, ambaye likizo hii alibaki Galtesa kuangalia bweni. Ili kupata mtandao kutoka Galtesa lazima mtu apande kilima cha mawe, na hakuna anayekipanda jua likiwa kali ili kusalimia. Wangechi alitoka nje, akasimama kando ya zizi la ng'ombe.

"Wangechi, hata kwaheri?" Chepkurui alianza bila salamu. "Mimi nimekukosea nini?"

"Kwaheri ya nini?"

"Si umetoka? Si umechukua ngamia?"

Wangechi alidhani mtandao unakatika. "Ngamia gani?"

"Imebebwa na lori ya Nasrudin, yule wa kabeji na mifugo. Meseji ilikuja kwa kijana wa Mama Talaso, imetoka kwa namba yako. Ati umemaliza kazi huku, ngamia yako ipakiwe. Wakaniita niwasomee. Nikasoma mara mbili, nikidhani sioni vizuri." Chepkurui alivuta pumzi. "Hawakuuliza kitu. Mama mwenyewe ndiye alishika kamba akaipeleka mpaka kwa lori. Halafu akakuja akaketi mlangoni kwa nyumba yako. Nilimletea maji hakukunywa. Aliniuliza tu, kwani mwalimu tulimfanyia nini?"

Nyuma ya zizi Cate alijifanya anatafuta choo.

Ngamia wa namna ile, watu wa Galtesa humwita dabare. Hauzwi, na wala hatolewi zawadi. Unakabidhiwa kamba, unakunywa maziwa, unamtunza, akizaa unapeleka habari, na mwenyewe anabaki kuwa mwenye mali. Ila kamba ikishakuwa mkononi mwako wewe si mgeni tena. Mama Talaso alipompa Wangechi ile kamba, hakuna aliyempigia makofi, lakini wiki iliyofuata baba mmoja aliyekuwa akiwafukuza walimu kwa fimbo alileta mabinti zake shuleni mwenyewe. Alisema: yule ni wa kwa Mama Talaso, nitamkataliaje? Na usiku ambao wezi wa mifugo walipita karibu, vijana walilala nje ya mlango wa Wangechi bila kuitwa.

Yote hayo yalikuwa juu ya mnyama mmoja. Sasa mnyama alikuwa kwenye lori, na kwa Galtesa nzima Wangechi alikuwa ameiba na kutoroka.

Hakuhitaji kujiuliza ni nani aliyeshika simu yake. Juzi Kamande aliiomba anunue tokeni za stima, akakaa nayo muda mrefu kuliko tokeni.

*

Alimpata Subukia, ndani ya chumba cha kukodi kinachotazama soko, akipaka rangi rafu za mbao. Kamande alikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi. Alipomwona mke wake mlangoni alishtuka, halafu akatabasamu kama mtoto aliyekutwa akificha zawadi.

"Sasa umeniharibia! Nilitaka uone ikiwa imeisha. Haya, basi, karibu dukani kwako."

"Duka gani?"

"Vitabu. Kalamu, madaftari, yunifomu baadaye. Wazazi wote wa hapa wanashuka mpaka Nakuru kununua. Fundi ataandika hapo juu, 'Mwalimu Wangechi Bookshop.' Utaacha hiyo kazi ya huko. Utakaa na Shiko. Unajua Shiko akiumwa na tumbo anaita cucu?"

Shiko alikuwa binti yao wa pekee. Wangechi alilijua hilo la kumwita nyanya badala ya mama, na hakuna siku alilisikia lisimchome. Lakini hakulijibu.

"Baba Shiko, ngamia iko wapi?"

Brashi ilisimama hewani. "Nasrudin alikuambia?"

"Umeiuza?"

"Tumeuza. Mnyama wako ni mnyama wa hii nyumba. Ama kuna nyumba ingine?" Alisema hivyo kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe ulikuwa na mwiba, na wote wawili waliusikia.

"Haikuwa yangu."

"Umekunywa maziwa miaka mitano, sasa si yako!"

"Shamba ya Kihara unayokodi, umelima miaka ngapi? Unaweza kuiuza?"

Mtu wa Kabazi hahitaji kuelezwa kukodi ni nini. Kamande aliweka brashi juu ya kopo, ikateleza ikaanguka sakafuni, akaiacha hapo hapo.

"Mbona hukuniambia ni ya kukodi?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unatazama mpira, ukasema sawa."

Nje mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa ameacha kazi yake na kusogea mlangoni kwake ili asikie vizuri. Kamande aliona, akavuta mlango ukafungika nusu.

"Sikia," alisema chini. "Wewe huko unaitwa mwalimu. Mimi hapa unajua naitwa nani? Naitwa bwana ya ngamia. Nikiingia hoteli mtu anauliza, Kamande, leo utakunywa chai ya maziwa gani? Nacheka. Nitafanya nini kama si kucheka? Hata mami ananiuliza, huyo mwanamke analetewa wanyama na watu, wewe ulimpelekea nini kwa mara ya mwisho?"

"Kwa hivyo uliuza kwa sababu ya watu wa hoteli."

"Niliuza kwa sababu..." Alijifuta uso, akaongeza rangi badala ya kuitoa. "Hata kama ningekumbuka ni ya kukodi ningeuza tu, Wangechi. Nikwambie ukweli. Nilitaka huko kusibaki kitu cha kukuita."

Wangechi alitazama rafu. Zilikuwa zimenyooka vizuri; Kamande alikuwa na mkono mzuri wa mbao. Kama angemwambia tu, mwaka jana, mwaka juzi, kwamba anaweza kumjengea kitu kizuri hivi, huenda angekaa. Yeye mwenyewe hakujua. Na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba sasa hataweza kujua.

"Mpigie Nasrudin," alisema. "Muulize kama bado iko hai."

*

Zizi la Nasrudin lilikuwa pembeni mwa mji wa Nakuru, uwanja wa vumbi uliozungushwa mabati na miti ya msonobari. Nasrudin alipandisha kabeji na viazi vya Subukia kwenda kaskazini, akateremsha mifugo. Wanyama wengine aliwauza kwa machinjio, wengine kwa wafugaji wa huku. Watu wa sehemu zote mbili walimwamini, na ndiyo maana siku hiyo alikuwa na hasira.

Walikwenda watatu, kwa kuwa Wariara alipata habari kwa Cate kabla wenyewe hawajafika nyumbani, na hakuna kesi ya familia ile iliyowahi kusikizwa yeye asipokuwepo. Alivaa kitambaa kipya cha kichwa.

"Mwalimu, asalaam aleikum," Nasrudin alisema, na hakumsalimia Kamande. "Umeniingiza shimo gani?"

"Si mimi, Nasrudin."

"Meseji ni ya nani? Mimi niliona namba yako. Bwana yako akanipigia, akasema ni sawa, mama Shiko amechoka na huko. Nikasema, haya, kumbe alishapewa kabisa ikawa mali yake. Sasa leo vijana wa Galtesa wananipigia. Wanasema nimebeba dabare! Mimi, nimepita hiyo barabara tangu ndevu zianze kuota. Nani ataniuzia hata mbuzi kule?"

"Iko hai?"

"Iko. Ingekuwa dume mngekuta ngozi. Hii mchinjaji aliangalia akasema ana mimba, akanirudishia."

Ngamia alikuwa amefungwa mwisho wa zizi, peke yake, magoti yakiwa na michubuko ya safari. Wangechi alimwendea akimwita kwa ulimi wa Galtesa, sauti fupi ya kooni. Ngamia aligeuza shingo. Akamnusa begani, halafu akamnusa mfukoni, akaacha.

"Ngai!" Wariara alisema kutoka mbali. "Kumbe ni kubwa hivi!"

Wangechi alirudi akiwa na mate ya ngamia kwenye sweta. "Tunairudisha," alisema. "Nasrudin, ukipanda wiki hii uibebe."

"Nitabeba bure, hiyo safari naweka mimi juu ya jina langu. Lakini nilinunua, Mwalimu. Nirudishieni changu."

Wote waligeuka kwa Kamande. Kamande alikuwa akitazama viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa na rangi.

"Iko kwa mbao," alisema. "Na mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima. Nimemwomba, amesema pesa ikiingia haitoki."

"Basi," Nasrudin alisema, akakuna kidevu. "Nasikia hapo nyumbani kuna ng'ombe ya maziwa. Ile ya Kifrisia."

Macho yakahama kutoka kwa Kamande yakaenda kwa Wariara.

"Msiniangalie," Wariara alisema. "Mimi nilikuja kuona ngamia."

Kabla ya kuondoka, Nasrudin alisisitiza wapige simu. Hakutaka kupandisha mnyama halafu akutwe njiani na watu wenye maneno. Chepkurui alikipanda tena kilima, safari hii na Mama Talaso nyuma yake, na Wangechi akaeleza kila kitu, kutoka tokeni za stima mpaka rafu, bila kumficha mume wake na bila kumpaka matope. Chepkurui alitafsiri. Upande wa pili ulisikika upepo, halafu sauti ya mwanamke mzee ikisema polepole, bila kupanda wala kushuka.

"Amesikia," Chepkurui alisema. "Anasema mdomo uliotoa ngamia ndio uirudishe. Huyo mzee wako aje. Peke yake. Anasema wewe ukija naye, watakuangalia wewe, watashindwa kumwambia."

"Kumwambia nini?" Kamande aliuliza kwa sauti kubwa, akiinama juu ya simu. "Mama, shikamoo! Mniambie nini?"

Mama Talaso alijibu neno moja, na Chepkurui alisita kidogo.

"Anasema, karibu."

Kamande aliunyoosha mgongo. Katika miaka mitano alikuwa amealikwa Galtesa kila likizo, na kila likizo alikuwa na viazi vya kuvuna. Kwa marafiki alisema huko ni risasi tu na nyoka. Sasa alimtazama mama yake kama anangoja amkataze.

"Na mimi sijakubali mambo ya ng'ombe," Wariara alisema.

*

Ng'ombe huyo aliitwa wa Wariara. Wariara ndiye aliyemkamua, aliyempeleka kwa daktari wa mifugo, aliyemwambia kila mgeni kwamba anatoa ndoo mbili. Wangechi ndiye aliyemnunua kwa marupurupu ya mazingira magumu, mwaka wake wa kwanza Galtesa, lakini hilo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile, na siku mbili nzima za ubishi bado hakulisema. Alipika, akafua, akamsaidia Shiko hesabu. Wariara alizunguka akigonga sufuria.

"Nitakamua nini? Nitakamua wewe?"

"Nitanunua mwingine, maitu. Pole pole."

"Pole pole! Mimi nina umri wa pole pole?"

Aliyelisema ni Cate. Alikuja kuazima chumvi, ambayo huendi kuazima ukiwa na kibanda kando ya maduka, akakuta ubishi umefika jikoni.

"Lakini Mama Kamande," alisema, akiwa ameshika mlango, "si hii ng'ombe ilinunuliwa na Mwalimu? Mimi ndiye nilitoa hizo pesa kwa simu yako. Nakumbuka hata ulivaa ile sweta ya kijani."

Hata Shiko aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Wariara alimtazama Cate kwa muda ambao Cate aliuona mrefu, kisha akaketi juu ya kigoda, na kitambaa chake cha kichwa kikateleza nyuma. Kwa mara ya kwanza Wangechi aliona jinsi nywele zilivyokuwa zimeisha juu ya kipaji.

"Kwa hivyo Kabazi yote inajua," Wariara alisema.

"Si wote," Cate alisema, na hapo hata yeye alitamani asingekuja.

Wangechi alichutama mbele ya mama mkwe wake. Hakuna lililomjia la kusema ambalo lisingemwaibisha mama huyo zaidi. Alikiweka kitambaa sawasawa.

"Ni ng'ombe yako, maitu. Mimi nilinunua tu. Wewe ndiye umefuga."

"Usinipake mafuta." Wariara alisukuma mkono wake, lakini si kwa nguvu. Alikaa, akavuta kamasi, akatazama moto. "Chukueni. Lakini mtu akiuliza, ni mimi nimetoa. Sikunyang'anywa. Wewe Cate, umesikia? Enda utangaze hiyo kama vile unatangazanga zingine. Wariara ametoa ng'ombe yake akaokoa nyumba ya kijana yake."

"Nimesikia, mathe."

"Na usisahau chumvi."

*

Lori lilisimama Subukia kupakia kabeji siku ya soko, kwa hivyo hakuna aliyekosa kuona. Ng'ombe alikuwa ameshashuka kwenda Nakuru kwa gari lingine. Ngamia alisimama katikati ya lori, akiwa ametengwa na mzigo kwa mbao tatu, na mbao hizo hazikumzuia. Kila vijana walipopanga safu ya kabeji, shingo ilivuka juu ikachagua moja.

"Anakula faida yangu!" Nasrudin alipiga kelele. "Kamande, mshike kichwa!"

"Nimshike vipi?"

"Kwani si ulikuwa unamuuza? Mtu anauza kitu hajui kushika?"

Soko zima lilicheka. Kamande alipanda, koti la kwenda kanisani juu ya gamboti, akaishika kamba kwa mikono miwili kama mtu anayevuta maji kisimani. Ngamia alimtazama akitafuna. Wangechi alisimama chini na kifurushi cha chapati na shuka zito, na wakati anamkabidhi, Kihara, yule mwenye shamba la kukodi, alipaza sauti kutoka kwa ngazi za hoteli.

"Kamande! Kwani unarudisha mahari?"

Hiki kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote. Wanaume waligonga meza. Kamande aligeuka mwekundu chini ya weusi wake, na Wangechi aliona mkono wake ukiilegeza kamba. Angeweza kushuka. Ilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye ubao hadi ardhini, na hapo kila mtu angerudi kwenye chai yake.

"Ndiyo," Kamande alisema kwa sauti ambayo haikufika kwenye hoteli. Akamwambia mke wake, "Shuka hili halitoshi. Kuna baridi hapo Nyahururu," na akaketi juu ya kabeji.

Lori lilipoanza kupanda mlima watoto walilikimbiza mpaka kona.

*

Lori lilipotarajiwa kuwa limefika, akina mama wa chama walijikuta wote wakipita kwa Wariara. Mmoja alikuwa anarudisha ungo. Mwingine alisikia mbwa analia. Cate alifunga kibanda kabisa. Wariara hakungoja apigiwe. Alipiga yeye, akaweka sauti nje, akailaza simu mezani kati ya vikombe, na kila mtu akasogeza kiti.

"Kamande! Umefika?"

"Nimefika, mami! Jana jioni!" Sauti ilikuja na upepo mwingi. "Ngamia imefika. Imesimama kwa miguu yake!"

"Bwana asifiwe!" nyumba ikajibu.

"Walikugombeza?" Wariara aliuliza.

"Hata kidogo. Mami, sijawahi kuona watu hivi. Wazee walikaa, nikaambiwa nieleze. Nikaeleza. Huyo mwalimu Chepkurui akawaambia. Wakanyamaza, wakanyamaza, mimi nikajua sasa nimekwisha. Halafu Mama Talaso akashika kamba, akaangalia magoti ya ngamia, akaniambia pole kwa safari. Wamenichinjia mbuzi!"

"Mbuzi!" Cate alirudia, kwa faida ya waliokaa mlangoni.

"Na mwalimu je?" Wariara aliuliza, akimwangalia Wangechi aliyesimama dirishani. "Arudi ama asirudi?"

"Arudi. Wamesema shule ikifunguliwa arudi, watoto wanamhitaji. Hakuna mtu atamguza."

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia chini ya meza. Mtu alimkumbatia Wangechi kutoka nyuma. Wariara alipiga paja lake. "Ng'ombe yangu! Si nilisema? Ng'ombe yangu imefanya kazi!"

Wangechi alisogea mezani, akainama juu ya simu. "Baba Shiko. Ngamia imelala wapi?"

"Kwa boma ya Mama Talaso."

"Si kwangu? Kwa zizi yangu?"

"La, amesema itakaa kwake sasa." Upepo ulipita. "Lakini usiwe na wasiwasi ya maziwa, hilo nimekuulizia mimi mwenyewe. Nimelala kwa hiyo nyumba yako, Wangechi, nimeona vile kuko. Nikamwambia, mama, huyu mtu atakunywa nini? Akasema hakuna shida, atakuwa anakuuzia."

"Alisema kuniuzia?"

"Eeh. Kama vile anauzia polisi wa kambi na madereva. Na bei iko chini, nimeuliza. Chini hata kuliko hapo Kabazi!"

"Bei ya chini!" akina mama walipokezana, na mmoja akasema kweli wale ni watu wa Mungu.

Wangechi alishika ukingo wa meza. Miaka mitano hakuna aliyemtajia bei. Wageni ndio waliotajiwa: polisi, madereva, na wale wa mashirika waliokuja na magari meupe wakaondoka na magari meupe. Alifikiria mabinti wa bwenini na baba zao wenye fimbo, ambao sasa wangemwona akija asubuhi na kikopo na sarafu mkononi, na wangeelewa bila kuelezwa.

"Mama Shiko?" Kamande aliita. "Uko? Si ni sawa hivyo?" Sauti yake ilikuwa imechoka, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hakikuwahi kuwamo, kama mtu anayeomba aambiwe amefanya vizuri. "Nimejaribu."

"Umejaribu," Wangechi alisema. "Ahsante. Muulize mama, anataka nilipe mwisho wa mwezi ama namna gani?"

Walisikia akimuuliza Chepkurui, na Chepkurui akiuliza, na ile sauti ya kizee ikijibu bila kupanda wala kushuka.

"Anasema kila siku," Kamande alirudi. "Kabla ya kukamua."

"Mwambie sawa."

Ilibidi aseme mara mbili, kwa sababu akina mama walikuwa wameshaanza wimbo wa shukrani, na Kamande hakusikia vizuri.